Lodwar, kuku kwanza umtafutie kivuli

Nimezaliwa Lamu, nyumba yenye kuku aina ya kuchi uani tangu enzi za babu, kwa hiyo mume wangu alipopata kazi Lodwar, huku Turkana kaskazini mwa Kenya, nilijiona fundi. Nikajenga banda la mabati matupu, pande tatu nikaziziba kwa mabati vilevile ili paka wasipite, nikatia kuku 14. Mchana mmoja wa mwezi wa pili nilitoka sokoni nimechelewa, nikafika nyumbani saa kumi. Tisa walikuwa wamelala chini, mbawa zimetanda, midomo wazi. Maji hawakukosa. Yalikuwamo kwenye ndoo nyeusi ya plastiki, na nilipotia mkono nikauondoa haraka: ungeweza kuoshea nayo masufuria ya pilau.

Kuku hana jasho. Mwili wake wenyewe una nyuzi 41 hivi, na Lodwar mchana hewa hufika 38, siku nyingine ikazidi. Joto la mwilini litokee wapi? Amebakiwa na kuhema, kuachanisha mbawa, na undu na ndevu zake zinazopitisha damu karibu na upepo. Ndiyo maana kuchi wangu wa fahari, wenye undu mdogo uliobana kichwa, walikuwa wa kwanza kulegea, na kuku wa shingo uchi niliyemdharau kwa sura yake ndiye aliyenusurika. Ukianza leo, tafuta shingo uchi au kienyeji mwepesi mwenye undu mkubwa. Broila usijaribu, labda uwe na umeme wa uhakika na feni.

Banda lielekeze urefu wake mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi tu. Pande ndefu ziwe waya mtupu, matundu madogo upande wa chini kwa sababu ya nyoka na nguchiro. Paa liwe juu kiasi cha mtu mzima kusimama na kunyoosha mkono. Kama umeshanunua mabati, usiyang'oe. Yafunike kwa majani ya mkoma, yale yale kina mama wa huku wanayosukia vikapu, lakini uache nafasi ya shubiri moja kati ya mabati na majani ili upepo upite. Mimi mara ya kwanza niliyalaza moja kwa moja juu ya bati. Nafuu ilikuwa ndogo. Na uyafunge kwelikweli, maana upepo wa hapa hauombi ruhusa. Nafasi usibane: wengi husema kuku wanne kwa kila mita mraba, mimi naweka wawili.

Nje ya banda nina mathenge. Watu wanaulaani mti huu na haki wanayo, umemeza malisho na miiba yake inatoboa magurudumu ya pikipiki. Ila saa saba mchana kuku wangu wote wako chini yake, na mwewe hathubutu kushuka kati ya miiba ile. Nimeukata matawi ya chini tu, nikayazungusha kuwa ua.

Sasa maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kuku mmoja anayetaga anaweza kumaliza nusu lita kwa siku wakati wa joto kali. Sahau plastiki nyeusi. Nina mtungi wa udongo uliokaa kivulini juu ya mchanga mbichi. Unatoka jasho usiku kucha na asubuhi maji yake ni baridi. Kuku wananyweshewa kwenye vigae vya mtungi mwingine uliovunjika, vipana na vifupi, kwa sababu kuku huyu akinywa hutumbukiza na ndevu, na hapo anapoa. Nabadilisha maji saa nne, saa saba na saa tisa. Yakishapata uvuguvugu wanayaacha.

Kisha nalowesha gunia la katani na kulitundika upande wa kusini-mashariki, unakotoka upepo. Hewa ya huku ni kavu, maji yanakauka upesi na upepo unaopita hapo unaingia bandani umepoa. Dada yangu wa Lamu alinisikia akajaribu, akaambulia banda lenye unyevu na harufu. Kule hewa imeshajaa maji ya bahari. Kwa hiyo hata Lodwar, siku za mvua gunia naliondoa. Mwisho namwaga kopo moja la maji kwenye mchanga chini ya mathenge. Wenyewe watafukua na kulaza matumbo.

Chakula: mapema kabla jua halijatoka, nakiondoa saa tatu, narudisha saa kumi na moja jioni. Mmeng'enyo nao huzaa joto, na kuku aliyekula saa tano anabeba joto hilo saa nane, saa mbaya kuliko zote. Kwa kuwa wanakula kidogo, kidogo hicho kiwe na nguvu. Naongeza vichwa vya samaki wakavu kutoka Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, nimevitwanga, kiganja kimoja kwa kuku kumi. Ukizidisha, mayai yatanuka ziwa na mteja atakurudishia. Gamba la yai likianza kuwa jembamba, ni kuhema huko huko kunakovuruga chokaa ya mwilini; weka maganda ya mayai yaliyokaangwa na kupondwa kwenye chombo chao peke yake.

Ukimkuta kuku amelegea, undu umegeuka rangi, shingo haisimami, mbebe kivulini na umtie miguu na tumbo mpaka kifuani kwenye beseni la maji ya mtungi. Kichwa kibaki nje. Barafu usitumie, mshtuko utammaliza. Dakika chache, kisha mwache apigwe na upepo, na umpe maji ncha ya mdomo. Nimeokoa wanne hivi.

Kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao Newcastle, hakiangalii joto. Chanjo ya tone la jicho narudia kila miezi mitatu. Naifuata kwa muuza dawa asubuhi na mapema, nikiwa na chupa ya chai yenye vipande vya barafu. Ukiibeba mfukoni kwa jua hili, umechanja kuku kwa maji.

Mayai naokota saa nne na saa kumi, yanakaa ndani ya chungu kwenye chumba chenye giza. Ukiwa na jogoo usiyaache kiotani, hewa ya huku inatosha kuanza kuliamsha yai bila mama. Kuatamisha nasubiri mwezi wa saba, wenye nafuu kidogo, na kiota nakichimba ardhini kina cha kiganja, mchanga wa chini umenyunyiziwa maji. Mtetea akiondoka mchana, nawahi kuyagusa mayai: yakiwa na joto kuliko shavu langu, nanyunyiza tena pembeni, si juu yake.