Kupunguza uzito wa begi la mgongoni la mtumba

Begi la kupandia milima la lita 50, kama haya ya mtumba ya soko la Darajani, Unguja, mara nyingi lina kilo 1.5 hadi 2 likiwa tupu. Ukilikata kwa mpango linaweza kukaribia kilo 1. Kwa matembezi ya msitu wa Jozani au Ngezi, mzigo mkubwa ni maji, na vyuma vya mgongoni havina kazi.

Vifaa: mizani ya jikoni, wembe, mkasi, chaki, kiberiti cha gesi, uzi wa poliesta (wa pamba huoza kwa jasho na chumvi), sindano za cherehani namba 16 kwa kitambaa na 18 kwa mikanda. Cherehani ya mkono ndiyo bora hapa, kwani kwenye tabaka nene unaizungusha mshono mmoja mmoja.

Hatua ya 1: kagua utando wa ndani. Pitisha kiganja ndani ya begi. Likinata au kunuka kama maziwa yaliyochacha, utando wa kuzuia maji umeoza, na joto na unyevu wetu huuozesha haraka. Haufufuki. Usugue kwa brashi na maji ya sabuni mpaka utoke, kisha vitu vyako uvitie ndani ya ile nailoni ya ndani ya gunia la sukari. Nyepesi, na maji hayapiti.

Hatua ya 2: fremu na mkanda wa kiuno. Hivi huondoka pamoja au hubaki pamoja. Fremu, yaani vyuma na ubao wa mgongoni, ndiyo inayopeleka uzito kiunoni. Ukiitoa, mgongo wa begi hujikunja na mkanda hubaki kuzuia begi lisiyumbe tu. Chana mfuko wa fremu kwa juu, vuta vyuma na ubao wa plastiki, uweke mahali pake sponji ngumu isiyonyonya maji, unene wa sm 1. Kuanzia hapo usizidishe kilo 9, maji yakiwemo. Ukiwa unabeba zaidi ya hapo, acha kila kitu kama kilivyo na uruke hatua hii.

Hatua ya 3: kifuniko. Kama kimefungwa kwa vifungio, kitoe tu. Kama kimeshonewa, usifumue mshono wake. Mshono huohuo wa juu ya mgongo mara nyingi ndio ulioshika mikanda ya mabega na kitanzi cha kubebea. Ukiufumua, mikanda italegea na utaligundua hilo njiani. Kata sm 1.5 nje ya mshono, kunja mara mbili, shona.

Hatua ya 4: mikanda mirefu. Jaza begi, livae, kaza, ndipo uweke alama sm 12 baada ya kifungio. Kata, yeyusha ncha kwa moto, kisha ikunje mara mbili na kuishona ili isichomoke. Faida yake ni gramu chache, lakini ncha hazitakupiga usoni kwenye upepo wa kusi.

Hatua ya 5: mfuko wa wavu wa chupa. Hapa ndipo wengi huharibu. Tumia wavu wa dagaa, si chandarua, ambacho huchanika kwa mwiba wa kwanza. Kwa ubavu wa begi wenye upana wa sm 15 na chupa ya lita 1.5, kata wavu sm 27 kwa 21. Upande wa chini piga marinda mawili, kila moja limeze sm 6, ubaki na 15. Kisha funika kingo zote kwa utepe wa sm 2 uliokunjwa katikati, wavu ukiwa ndani yake. Wavu ukishonwa mtupu, uzi hupita kwenye matundu na mfuko hung'oka chupa ikijaa. Ndani ya utepe wa juu pitisha lastiki ya sm 18 na ushone ncha zake.

Bavuni shona kwa cherehani, begi likiwa limegeuzwa, mshono wa milimita 3. Mishono midogo zaidi hutoboa kitambaa kama stempu. Chini cherehani haifiki. Shona kwa mkono ukirudisha sindano nyuma kila mshono.

Kitako usikiguse. Kitambaa chepesi hakimalizi msimu kwenye mawe ya matumbawe ya upande wa mashariki ya Unguja.

Hatua ya 6: jaribio. Tia kilo 10 za mchele, lining'inize kwa mikanda ya mabega usiku kucha. Asubuhi tazama mizizi ya mikanda na kona za mfuko wa wavu: penye matundu ya sindano yaliyotanuka, ongeza mshono wa mraba wenye msalaba ndani, upande wa sm 2.