Biashara inakulipa au unailipa wewe? Jinsi ya kujua ndani ya mwezi mmoja

Wadada, ukimuuliza mtu biashara inaendaje anakwambia "inaenda, tunashukuru Mungu", muulize sasa faida ya mwezi uliopita, kimyaaa. Mi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo, miaka miwili nauza kila siku na mtaji unapungua sijui unaenda wapi, kumbe naula mwenyewe kidogo kidogo.

Kwanza tenganisha pesa, ya biashara kivyake na ya nyumbani kivyake, hata kama ni pochi mbili tu. Halafu jipangie mshahara. Uwe mdogo hata wa kuchekesha lakini uwe na tarehe yake, na ukiisha umeisha, usirudi kwenye droo. Ukibeba bidhaa kupeleka nyumbani andika, mume akichukua "nitarudisha kesho" naye aandikwe kama mteja yeyote (najua hapo ndo ugomvi unapoanzia ila andika tu). Daftari lenyewe halina makuu, kilichoingia, kilichotoka na unaowadai, na uandike usiku uleule maana ukisema ntaandika kesho ushasahau.

Mwisho wa mwezi chukua mauzo, toa gharama ya mzigo uliouza, toa kodi ya pango, usafiri, vifungashio, vocha, halafu toa na mshahara wako. Kinachobaki ndo faida. Wengi wanaruka mshahara ndo maana wanaona faida ambayo haipo. Ikitoka hasi usikimbilie kufunga, angalia kwanza bei zako.

Na kwenye bei kuna mtego. Umenunua kitu 100 umeongeza asilimia 20 unauza 120, sawa. Anakuja mteja anaomba umpunguzie asilimia 20, unaona si ndo ileile niliyoongeza, ntatoka bure, unampa. Piga hesabu sasa, asilimia 20 ya 120 ni 24, umeuza 96, umempa kitu na 4 juu yake! Ndo maana ujue bei yako ya mwisho kabla mteja hajafungua mdomo.

Mkopo nao. Ukiambiwa riba asilimia 20 kwa mwaka uliza hapohapo, inapigwa kwenye mkopo wote au kwenye salio linalobaki? Tuseme umekopa 1,200, riba 240, unarudisha 120 kila mwezi. Baada ya miezi 6 umebakiza 600 ya mkopo lakini riba bado unalipa kama vile unayo 1,200 yote mkononi. Ukiihesabu kwa salio linalobaki, hiyo 20 yao inakaribia asilimia 35 kwa mwaka. Mwambie akuandikie kwenye karatasi jumla utakayorudisha, pamoja na ada, bima na faini za kuchelewa, akianza kuzungukazunguka beba pochi yako uondoke.