Kadi mpya ya grafiki na monita kwenye kompyuta ya zamani: anza na pawa saplai

Kompyuta nyingi za gemu hapa Mtwara zilianza kazi ofisini. Ni Dell OptiPlex au HP Elite za mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, zimenunuliwa Kariakoo na kuongezewa RAM. Ni mashine imara, na zikipata kadi inayozifaa zinacheza GTA V vizuri kabisa. Nimeandika haya baada ya kumsaidia mdogo wangu mmoja wa Chuno, aliyekuwa karibu kutuma hela ya kadi ambayo kompyuta yake isingeweza kuiwasha.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha pawa saplai

Fungua ubavu wa kasha utafute pawa saplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. OptiPlex 7010 ya mnara ina wati 275, na 9020 ina 290. Sloti ya ubao mama, ile kadi inamochomekwa, inaipa kadi wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huwa na tundu la waya wa pini 6 au 8, na pawa saplai nyingi za ofisini kama hizi hazina waya huo.

Utaambiwa ipo adapta ya bei rahisi inayochukua umeme kwenye waya wa hadidiski. Ikatae. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, lakini tundu la pini 6 linaruhusiwa kuvuta hadi 75. Plastiki inaweza kuyeyuka, na ikiyeyuka hutajua ubao mama umepona au la mpaka ubadilishe kila kitu.

Kubadili pawa saplai nzima inawezekana, ila angalia plagi kwanza. 7010 inatumia ile ya kawaida ya pini 24. 9020 ina pini 8 za Dell, na HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6 za HP, kwa hiyo hizo zinahitaji kiunganishi maalumu. Isipoingia, usiilazimishe.

Ndiyo maana mimi nashauri kadi ya Nvidia GTX 1650 isiyo na tundu la umeme. Ilitoka mwaka 2019, ina kumbukumbu ya GB 4, na inatosheka na umeme wa sloti. Lakini jina halitoshi, maana zipo GTX 1650 zenye tundu la pini 6. Omba picha ya ukingo wa juu wa kadi. Kasha lako likiwa jembamba, tafuta kadi fupi yenye bati fupi la kufungia skrubu nyuma ya kasha. Mfuko ukibana, GTX 1050 Ti inafaa. RX 6400 ya AMD siipendekezi kwa mashine hizi: inatumia njia 4 tu za PCIe (njia za data za sloti), na kwenye ubao wa zamani kasi ya njia hizo hupungua.

Jihadhari na kadi bandia. Zipo GTS 450 za mwaka 2010 zilizobadilishwa programu ya ndani zikajiita 1050 Ti. Programu ya GPU-Z huzitambua na kuandika FAKE mbele ya jina. Mwambie muuzaji aichomeke na akurekodie video ya GPU-Z kabla mzigo haujapanda basi. Ukishafika Mtwara, kuurudisha Dar ni kazi nyingine.

Hatua ya 2: Chomeka

Futa draiva (programu inayoendesha kadi) ya kadi ya zamani kwa programu ya DDU, zima, chomoa waya wa ukutani. Kama mnakaa Shangani karibu na bahari, safisha sloti kwa brashi kavu, maana hewa ya chumvi huacha kutu kwenye chuma. Kadi iingie mpaka kishikizo kilie, kisha funga skrubu.

Hatua ya 3: Monita

Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye ubao mama. GTX 1050 Ti na 1650 hazitoi VGA (plagi ya monita za zamani) kabisa, na adapta ya kawaida ya DVI kwenda VGA haitafanya kazi. Kwa monita ya zamani ya VGA nunua kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, lakini hela ikiwepo chukua monita ya IPS (aina ya kioo) ya nukta 1920 kwa 1080 yenye hezi 75, yaani inabadilisha picha mara 75 kwa sekunde. Ya hezi 144 iunganishe kwa DisplayPort.

Windows inaweza kuiacha monita kwenye hezi 60. Bofya kulia kwenye skrini tupu, ingia mipangilio ya onyesho, kisha onyesho la kina, uchague hezi ya juu kabisa inayoonekana hapo.