Jinsi ya kupunguza kumbukumbu za msaidizi wa akili unde bila kupoteza oda za wateja

Mama mdogo anashona sare za shule Morogoro. Tangu Januari 2025, kila mteja akitoka dukani, yeye huiambia simu: vipimo, advansi, siku ya kuchukua mzigo. Msaidizi wake aliyahifadhi yote, mistari zaidi ya 900, na kufika Agosti akawa anachanganya wateja. Tulikaa Jumamosi nzima kuisafisha hiyo kumbukumbu, na njia tuliyopita ni hii.

1. Toa nakala kwanza

Nakili kila kitu kwenye faili la maandishi matupu. Word sishauri kabisa kwa kazi hii, faili la .md (maandishi matupu tu) ndani ya folda yenye Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, litakuonyesha kila neno lililobadilika, na ukikosea unarudi nyuma. Kwa anayetumia Claude Code, msaidizi wa kuandika programu, faili la namna hiyo ni CLAUDE.md. Kwa ChatGPT, kumbukumbu ziko kwenye mipangilio, na ujue kwamba kufuta mazungumzo hakufuti kumbukumbu iliyotokana nayo. Zinafutwa kila moja kwa mahali pake.

2. Gawa mafungu matatu

Yanayodumu, yanayoendelea, yaliyokwisha. Yaliyokwisha yahamishie faili jingine, usiyafute. Vipimo vya watoto usiviweke kwenye yanayodumu: mtoto wa Januari si yule wa Agosti.

3. Siku na saa

Hapa ndipo tulipotumia saa nne. Mstari mmoja ulisomeka hivi: "Mteja wa Kihonda atachukua kesho saa 3." Kesho ya lini? Mzigo ulishachukuliwa Januari, lakini kwa kuwa mstari haukuwa na tarehe, msaidizi alikuwa akimkumbusha oda hiyo kila siku, na kila siku ni ya kesho.

Tulianza kutafuta kila "jana", "kesho", "juzi", "keshokutwa" na "wiki ijayo". Tarehe tulizipata kwenye ujumbe wa malipo ya simu, kwa kulinganisha kiasi cha advansi. Pale ambapo hapakuwa na ujumbe, mama mdogo alimpigia mteja. Mteja asipopatikana tuliandika "tarehe haijulikani". Usikisie, na usimwache msaidizi akisie: atakupa tarehe nzuri kabisa isiyo ya kweli.

Saa ndizo mbaya zaidi. Mama mdogo akisema saa 3 anamaanisha asubuhi, yaani 09:00. Msaidizi alipofupisha mara ya kwanza aliandika 03:00 sehemu moja na 15:00 sehemu nyingine. Nilipomuuliza ilikuwa ipi, mama mdogo alinishangaa: "Mwanangu, nani anakuja kuchukua sare usiku?" Yeye anajua. Faili halijui. Kwa hiyo kila saa iandike mara mbili: "Jumanne 2025-01-07, saa 3 asubuhi, 09:00." Anza na mwaka, kwa sababu 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni Machi 4. Angalia pia "usiku wa Ijumaa": kwa wazee wengi ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Kwenye saa 7 usisahau kuandika mchana au usiku.

Ukiruka hatua hii usiendelee na zinazofuata. Maandishi yasiyo na tarehe yakifupishwa, kosa linabaki na ushahidi wa kulirekebisha unaondoka.

4. Yanayopingana

Bei mbili za sketi moja? Ya karibuni ndiyo inayokaa, pamoja na tarehe yake. Uamuzi huo ni wa mwenye duka.

5. Sasa fupisha

Mpe msaidizi fungu moja moja, kamwe si faili zima. Mwambie asiguse namba, majina wala sababu. Sababu hasa. Mstari wetu mmoja ulisema: "Asishonewe poliesta, inamwasha mpaka anatoka vipele shingoni." Ulifupishwa ukawa "Anapenda pamba." Siku pamba ikiadimika, fundi atampa poliesta bila wasiwasi, na mtoto ataumia. Tuliurudisha: "Poliesta HAPANA, vipele." Maneno matatu, na yanatosha.

Soma mabadiliko yote kwenye Git kabla ya kukubali. Sisi tulibaki na mistari 140. Kufupisha kuna faida zaidi kwetu, kwani msaidizi husoma maneno kwa kuyakata vipande, na ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, na faili refu linakula nafasi ya mazungumzo yenyewe.

6. Jaribu

Fungua mazungumzo mapya, uliza maswali kumi ambayo majibu yake unayajua, likiwemo la yule mtoto wa vipele. Jibu moja likikosekana, rudi kwenye nakala ya hatua ya kwanza, tafuta mstari wenyewe na uurudishe kwa mkono.