Somo: Nafasi kati ya mimea kwenye tuta la futi 4 kwa 8, Minnesota

Tuta letu ni la mbao, upana futi 4, urefu futi 8, ubavu mrefu mmoja ukielekea kusini. Tunapima kwa inchi, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye pakiti za mbegu na tepu za huku.

Anza na jua. Minneapolis iko karibu na nyuzi 45 kaskazini, hivyo jua halipiti utosini kama Kigoma au Bukavu. Hupita kusini, na kivuli cha mchana huangukia kaskazini. Mwishoni mwa Septemba, mnyanya wa futi 5 hutupa kivuli cha futi 5 hivi saa saba mchana. Kwa hiyo mirefu ikae kaskazini, mifupi kusini.

1. Soma pakiti vizuri. Ina vipimo viwili: kati ya mche na mche, na kati ya mstari na mstari. Cha pili kimeacha njia ya kupita mtu na jembe. Kwenye tuta usilolikanyaga, shika cha kwanza.

2. Karoti, kuanzia nusu ya pili ya Aprili. Chora mistari miwili, inchi 3 na inchi 8 kutoka ukingo wa kusini. Fukia mbegu nusu inchi. Udongo ukiwa baridi zinaweza kukaa wiki tatu bila kuchomoza, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakamwaga mbegu nyingine juu yake. Subiri, na udongo usikauke. Miche ikifika inchi 2, punguza ibaki inchi 2 kati ya mmoja na mwingine. Kata kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa unatikisa mizizi ya jirani.

3. Sukuma wiki, mwanzoni mwa Mei. Miche mitano, inchi 18 kati yake, mstari ukiwa inchi 20 kutoka ukingo wa kusini. Majani ya chini yachumwe kila wiki, la sivyo yatailalia karoti.

4. Nyanya, jalidi (baridi ya usiku inayogandisha na kuua mimea) ikishapita, yaani baada ya katikati ya Mei. Wiki ya mwisho ni salama zaidi. Miche minne, inchi 24 kati yake, inchi 8 kutoka ukingo wa kaskazini. Chomeka vijiti vya kuegemezea siku hiyohiyo ya kupanda, maana baadaye utachoma mizizi. Ukibana hadi inchi 12 bila kupogoa, umande haukauki asubuhi, bakajani (ugonjwa wa madoa kwenye majani) linaingia, na matunda yaliyo kivulini yanakutwa na jalidi ya Oktoba yakiwa mabichi.

Maswali ya wanachama

Swali: Nimeshabana nyanya inchi 12 na sasa ni Julai. Nihamishe?
Jibu: Usihamishe. Kama ni za kutambaa, acha shina moja kwa kila mche, vunja machipukizi ya kwapani, ondoa majani yote ya inchi 12 za chini. Mwishoni mwa Agosti kata ncha. Kama ni fupi za kichaka, usipogoe hivyo. Toa mche mmoja, ruka mmoja.

Swali: Mahindi ya kuchoma, mstari mmoja kando ya uzio, yatafaa?
Jibu: Yataota, lakini magunzi yatakuwa na mapengo. Chavua hubebwa na upepo, na mstari mmoja huipoteza. Panda mistari minne mifupi, inchi 30 kati ya mistari, inchi 10 kati ya mbegu.

Swali: Mchicha je?
Jibu: Mwisho wa Mei, udongo ukipata joto. Wa kung'oa, inchi 3. Wa kukata ukachipua tena, inchi 10.

Swali: Vitunguu saumu vyangu vilionekana juu ya udongo Machi. Nani kavifukua?
Jibu: Udongo wenyewe. Ukiganda huvimba, ukiyeyuka hushuka, na punje iliyo juujuu husukumwa nje. Oktoba panda kina cha inchi 2, nafasi inchi 6, kisha tandaza majani makavu inchi 4. Zilizotoka, zirudishe tu kwa kidole kama mizizi bado ni mibichi.