Brigadeiro za birthday: usiepue mapema

Juzi nimepika brigadeiro na wifi yangu kwa video call, birthday ya mwanae, akasema dada andika hii kitu nisije nikakusumbua tena. Haya.

Brigadeiro ni vidonge vya chokoleti vya Kibrazil, vinapangwa kuzunguka keki na watoto wanavinyemelea kabla wimbo haujaimbwa. Jina ni cheo cha jeshi, kuna Brigadeiro Eduardo Gomes aligombea urais 1945, wanasema akina mama waliomuunga mkono ndo walikuwa wanaviuza kwenye kampeni. Uchaguzi akashindwa na mpinzani wake, Dutra. Rio Grande do Sul, jimbo la kusini mwa Brazil, wao wanaita negrinho, kitu ni hicho hicho.

1. Vitu. Maziwa mazito ya sukari kopo moja (la Brazil ni gramu 395), kakao vijiko 3 vya mezani, siagi kijiko 1. Siagi ya ukweli jamani, majarini inaacha utando mdomoni. Na kakao iwe tupu, ile ya kunywa ina sukari yake na hayo maziwa tayari ni sukari.

2. Chekecha kakao, koroga vyote kwenye sufuria kabla hujawasha jiko.

3. Kupika. Hapa ndo nililia. Mara ya kwanza niliepua iliposhikana kidogo tu nikaona tayari, nikaweka kwenye friji masaa matatu, natoa bado uji, nikarudisha jikoni na moto mkubwa kwa hasira, chini ikaungua juu ikawa kama tofi ya kung'oa meno. Kwa hiyo moto mdogo mwanzo mwisho, sufuria ya chini nzito, na mwiko hautoki mkononi, simu ikiita iache iite. Dakika 10 hadi 15 hivi ila saa isikudanganye, jiko lako silijui. Angalia sufuria: pitisha mwiko katikati, njia ibaki wazi uone chini, isijifunge haraka. Halafu inamisha sufuria, donge lote liteleze pamoja linaachia kingo, yaani kama umewahi kuona halua inasongwa unajua nachosema, tofauti hapa ukishaona hivyo unaepua, ukizidisha dakika mbili tu ikipoa inakuwa ngumu. Mapovu nayo yanabadilika, mwanzo madogo mengi, mwisho mazito yanapasuka taratibu.

4. Mimina kwenye sahani uliyopaka siagi, funika na nailoni igusane na chokoleti isije ikaota ngozi. Iache ipoe kabisa.

5. Paka siagi viganjani, viringa vidonge vidogo vya kutupia mdomoni mara moja, gaagaza kwenye chenga za chokoleti. Mimi za rangirangi sitaki, hazina ladha.

Ikikataa kuviringika usitupe, weka kwenye vikombe na vijiko vidogo, Wabrazil wenyewe wanakula hivyo na ina jina kabisa, brigadeiro de colher. Wifi nusu ya zake aliwapa watu hivyo na hakusema kitu.