Namna ya Kufuatilia Gharama na Utendaji wa Mradi wa Ndege za Kivita: Mfano wa F-35

Anayetaka kujua iwapo mradi wa ndege za kivita unakwenda sawa aanze na makadirio ya kwanza kabisa, na ayaandike pembeni kabla hajafungua ripoti yoyote ya karibuni. Kwa F-35 ya Marekani, makadirio hayo ni ya mwaka 2001: ndege 2,866 kwa dola bilioni 233. Mwaka 2012 mradi ulipangiwa makadirio mapya, ndege 2,457 kwa dola bilioni 395.7. Sasa gawanya mwenyewe: ndege moja imetoka takriban dola milioni 81 hadi milioni 161. Anayepima kuanzia 2012 pekee haoni ongezeko hilo hata chembe, na kwa sababu hiyo sheria ya Nunn-McCurdy, inayoilazimu Pentagon, yaani makao makuu ya ulinzi ya Marekani, kulitaarifu Bunge gharama zinapovuka kiwango, siku hizi hupima pia kuanzia makadirio ya awali.

Jihadhari na bei ya kiwandani. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba F-35A, mojawapo ya matoleo ya F-35, itauzwa chini ya dola milioni 80, lakini bei hiyo haibebi gharama za utafiti na majaribio, seuze matunzo, ambako ndiko fedha nyingi huishia. GAO, ambayo kwa Marekani hufanya kazi inayofanana na ya CAG wetu, yaani ukaguzi wa hesabu za serikali, ilieleza mwaka 2024 kwamba makadirio ya matunzo yalikuwa yamepanda kutoka dola trilioni 1.1 mwaka 2018 hadi trilioni 1.58. Kwa haki, sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kurefushwa kwa muda wa ndege kutumika hadi 2088. Hata hivyo, saa za kuruka zilizopangwa zilipunguzwa, kwa hiyo weka dola na saa hizo bega kwa bega.

Kuhusu utendaji, asilimia ikitajwa uliza imehesabiwaje. Mwezi Machi 2023 utayari wa F-35 ulikuwa takriban asilimia 55, na ndege huhesabiwa kuwa tayari ikiweza kutekeleza walau jukumu moja kati ya yote iliyoundiwa. Zinazoyaweza yote ni chache zaidi.

Mwisho, tenganisha kuundwa, kupokewa na kukamilika. Kuanzia Julai 2023 hadi Julai 2024 Pentagon ilikataa kupokea ndege zenye mfumo mpya wa kompyuta, zikawa zinaegeshwa kwa mtengenezaji, na zilipoanza kupokewa programu zake zilitosha kwa mafunzo tu, si kwa vita.